Mafuta yanaponasa kwenye pikipiki za injini ya pampu, tuanzie kwenye nati

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo kuhusu pikipiki ndogo ambazo vijana wetu hapa Mwanza wanaziunda kwa kuchomelea mabomba na kufunga juu yake injini za pampu za kumwagilia, ambazo jioni na siku za mapumziko utaziona viwanjani Igoma na Buhongwa, na hata kwenye michanga ya Igombe na Kayenze, zikiendeshwa na watoto ambao miguu yao haijafika chini sawasawa. Sina ugomvi na ubunifu huo. Injini zinapatikana madukani, vipuri vyake havisumbui, na kijana aliyezoea kuchomelea mageti hashindwi kupinda bomba likawa fremu inayokaa vizuri. Ninachotaka kukisema ni hitilafu moja inayorudi gereji mara kwa mara, nayo ni mafuta kunasa: mwendeshaji anaachia mkono wa mafuta, injini inaendelea kupiga resi, na pikipiki inakwenda inakotaka yenyewe.

Dawa inayotolewa karibu kila mahali ni kubadilisha waya wa mafuta. Waya mpya unafungwa, siku chache zinapita, mafuta yananasa tena, na mzazi anaambiwa kwamba waya za siku hizi ni feki. Inawezekana ni feki kweli, lakini kwa pikipiki za aina hii waya ndio ungekuwa mtuhumiwa wa pili au wa tatu, kwa sababu chanzo kikubwa kimekaa juu ya injini yenyewe, mahali ambapo fundi wa pikipiki za kawaida hana mazoea ya kupatazama.

Injini hizi, ziwe zile za sentimita za ujazo 163 zinazouzwa kama za nguvu farasi 5.5, au zile za 196 zinazouzwa kama za 6.5, hazikubuniwa kwa ajili ya chombo kinachotembea. Zilibuniwa zikae mahali pamoja zikisukuma maji, zikifua umeme au zikisaga nafaka. Mkulima wa nyanya kando ya ziwa anataka aweke mwendo wa injini, aende zake bustanini kushika mpira wa maji, na akirudi aikute injini iko vilevile alivyoiacha. Kwa hiyo wenzo wa mwendo uliopo upande wa juu wa injini umewekewa kizuizi makusudi ili usirudi wenyewe: kwenye ekseli yake kuna nati, katika baadhi ya injini yenye masikio mawili ya kushikia vidole, na chini ya nati hiyo kuna washa nyembamba ya chuma iliyopindwa mawimbi, ambayo ikibanwa inausugua wenzo na kuushikilia pale ulipoachwa. Mtikisiko wa injini siku nzima hauusogezi.

Pikipiki inataka kinyume chake kabisa. Mkono wa mafuta wa pikipiki ni lazima ujirudishe wenyewe mara tu kiganja kinapolegea, na nchini Marekani kanuni ya usalama inayohusu vidhibiti vya pikipiki imeliandika jambo hilo waziwazi. Sasa kijana anapochukua injini ya pampu, akaunganisha waya wa mkono wa mafuta kwenye ule wenzo bila kuigusa nati, amejenga chombo ambacho mkono wa mwendeshaji unafungulia mafuta na hakuna chochote cha kuyafunga. Waya wa chuma laini unaweza kuvuta tu, hauwezi kusukuma. Ukibadilisha waya huo hata mara kumi, wenzo utaendelea kubaki pale ulipovutwa, kwa sababu unafanya kazi uliyoagizwa na kiwanda.

Marekebisho yake si makubwa. Nati ile ilegezwe mpaka wenzo usogee bila kukwaruza, ila usicheze huku na huko, na ile washa ya mawimbi iondolewe, nafasi yake ichukuliwe na washa bapa ya kawaida. Nati iliyolegezwa itafunguka yenyewe kwa mtikisiko, kwa hiyo inafaa kuweka nati ya aina ile yenye mviringo wa plastiki ndani, inayobaki ilipokazwa hata kama haijabana. Baada ya hapo ifungwe springi ya kurudisha, ncha moja kwenye wenzo na nyingine kwenye sehemu ngumu ya injini, ikivuta kuelekea upande wa mwendo mdogo. Springi iwe ya nguvu ya wastani. Nimeona watu wakiweka springi nzito mpaka kiganja cha mtoto kinachoka, halafu mtoto anajifunza kuuminya mkono wa mafuta kwa nguvu zake zote, na kuuachia taratibu kunamshinda. Nimeona pia, tena zaidi ya mara moja, kipande cha tyubu ya baiskeli kikiwa kimefungwa badala ya springi. Mpira uliopo sentimita chache kutoka kwenye eksozi, ukirushiwa petroli na oili kila siku, unalainika, unarefuka na kupoteza mvuto wake, na hakuna atakayegundua mpaka siku utakapohitajika.

Kwa aliye na pikipiki ambayo tayari inanasa, naomba asinunue kitu kabla ya kufanya uchunguzi mdogo, injini ikiwa imezimwa na imepoa. Usukani ukiwa umenyooka, azungushe mkono wa mafuta mpaka mwisho kisha auachie ghafla. Unatakiwa urudi mara moja na usikike ukigonga mwisho wake. Arudie usukani ukiwa umekatwa wote kushoto, kisha wote kulia, kwa maana zipo zinazorudi vizuri zikiwa zimenyooka na kunasa kwenye kona tu, yaani mahali pabaya kuliko pote. Mkono ukirudi kwa kuvutavuta, au ukikataa, hatua inayofuata ndiyo inayotenganisha mambo: auchomoe waya kule kwenye injini, halafu ausogeze wenzo kwa kidole na kuuachia. Wenzo ukirudi wenyewe kwa nguvu, tatizo liko kwenye waya au kwenye mkono wa mafuta. Wenzo ukibaki ulipoachwa, waya hauna kosa na fedha yake ibaki mfukoni.

Zipo pia zile ambazo kila kitu kinarudi vizuri kwa kidole na kwa mkono, lakini injini ikiwashwa inapiga resi bila kuguswa. Hizo ni habari nyingine na nitazifikia.

Ikionekana kwamba waya ndio wenye kosa, kabla ya kuutupa utazamwe ulivyopitishwa. Waya za pikipiki za kawaida ni ndefu kuliko inavyohitajika kwenye fremu ndogo hizi, na kijana akitaka kuificha sehemu iliyozidi anaikunja kiwiko chini ya tangi, au anaifunga na fremu kwa kamba ya plastiki iliyokazwa sana. Kila kona kali inaongeza msuguano. Ganda la nje la waya likipita karibu na eksozi, ile nailoni ya ndani inayeyuka na kuushika waya, na hapo hakuna oili itakayosaidia. Aliyefupisha ganda kwa koleo atazame pale alipokata, kwa sababu koleo hubonyeza mdomo wa ganda ukawa bapa, na waya unakwaruza hapo hapo mpaka nyuzi zake zinaanza kukatika moja moja na kusimama kama miiba; uzi mmoja uliosimama ukiingia kwenye mdomo wa ganda unatosha kuyashikilia mafuta yakiwa wazi. Kuhusu kulainisha, oili nyepesi kidogo inatosha. Grisi nzito inakusanya vumbi, na kwa vumbi la Mwanza wakati wa kiangazi, baada ya muda utakuwa umejaza udongo wa mfinyanzi ndani ya ganda.

Waya unatakiwa pia uwe na ulegevu kidogo. Kwenye pikipiki nyingi mkono wa mafuta unazungushwa milimita 2 mpaka 6 kabla haujaanza kuvuta, na ulegevu huo una maana yake: waya uliokazwa hauna akiba, hivyo usukani ukikatwa kona unajivuta wenyewe na resi inapanda bila mwendeshaji kutaka.

Mkono wenyewe una visa vyake vichache. Bomba la usukani likikatwa kwa msumeno wa chuma huacha makali ambayo yanaing'ata plastiki ya mkono wa mafuta kwa ndani. Tupa kidogo inamaliza shughuli. Mpira wa kushikia ukisukumwa sana ndani unabanana na kifuniko cha waya, na pikipiki ikianguka kwa upande wa kulia mpira unasukumwa vilevile, ndiyo maana zipo ambazo zilikuwa nzima asubuhi na zikaanza kunasa baada ya mwereka mmoja. Kuacha nafasi ya milimita chache kati ya mpira na kifuniko kunatosha.

Wenzo ukiwa ndio unaokataa, na nati imekwisha kulegezwa, basi kabureta ifunguliwe. Kabureta za injini hizi zina kipepeo, yaani kisahani kidogo kinachozunguka kwenye ekseli nyembamba kufungua na kufunga njia ya hewa. Petroli iliyolala humo kwa miezi inaacha utando wa kunata kwenye ekseli hiyo, na skrubu zinazoshika kisahani zikilegea, kisahani kinakaa upande na kukwaruza ukuta. Mbaya zaidi ni mchanga. Wapo wanaoondoa filta ya hewa kwa sababu wanapenda mlio wake, na mchanga wa ufukwe wetu, uliotokana na miamba hii hii ya itale tunayojivunia, ni mgumu kuliko aluminiamu ya kabureta na ya pistoni. Chembe moja ikikaa kati ya kipepeo na ukuta inayashikilia mafuta. Zinazopita zinakwenda kuikwangua silinda. Pikipiki ndogo za kiwandani, zile za sentimita za ujazo 49 zinazochanganyiwa oili kwenye petroli, hazina kipepeo bali zina pistoni ndogo inayopanda na kushuka ndani ya kabureta, na hiyo ikirudishwa bila mfereji wake kukaa kwenye kipini chake, au skrubu za kabureta zikikazwa mpaka mwili wake ukapinda, inanasa juu hata kama springi yake ni mpya.

Katika hatua hii kuna jambo linalowachanganya mafundi wengi. Ukifungua filta ya injini ya pampu iliyozimwa, mara nyingi utakikuta kipepeo kiko wazi, na wengine hushtuka wakidhani wamempata mwizi. Sivyo. Ndani ya injini kuna kidhibiti mwendo, ambacho mafundi wa jenereta tunakiita gavana, chenye vizito vinavyofunguka kadiri injini inavyozunguka kwa kasi na kukifunga kipepeo. Injini ikisimama vizito vinalala, na springi ya gavana inakivuta kipepeo kuelekea kwenye kufunguka. Kukiona wazi wakati injini imelala ni kawaida. Kisicho cha kawaida ni kukiona hakisogei kwa kidole.

Sasa zile zinazopiga resi huku kila kitu kikirudi. Kwanza skrubu ya sailensa, yaani ya mwendo mdogo wa injini, itazamwe kama haikukazwa kupita kiasi na mtu aliyechoshwa na injini kuzimika. Kisha gasketi zilizo kati ya kabureta na injini, kwa maana hewa ikipenya hapo injini inapata hewa ambayo haikupita kwenye kipepeo, na inazunguka kwa kasi hata kipepeo kikiwa kimefungwa. Matone ya maji ya sabuni kwenye maungio injini ikiwa inanguruma yanatosha kuonyesha, kwa kuwa mlio utabadilika pale penye tundu. Tafadhali watu waache kutumia petroli kwa kazi hiyo karibu na eksozi ya moto. Ya tatu ni springi za gavana zilizorudishwa kwenye tundu lisilo lake baada ya mtu kufungua kabureta, ikiwamo ile springi nyembamba sana inayozunguka fito ya kuunganisha, ambayo wengi huiona haina kazi na kuitupa.

Wapo vijana wanaomaliza suala la gavana kwa kuing'oa na kufunga waya moja kwa moja kwenye kipepeo. Nafahamu kishawishi chake, kwa sababu kiwanda kimeizuia injini isivuke sana mizunguko 3,600 kwa dakika na kijana anataka zaidi. Lakini flaiwili ya injini hizi, yaani gurudumu zito linalozunguka pamoja na injini, ni ya chuma cha kumimina na mkono wa pistoni ni wa aluminiamu, na vyote vilipimwa kwa mwendo huo wa kiwandani. Mafuta yakinasa kwa sababu ya waya au wenzo kwenye injini yenye gavana, kasi inapanda mpaka mahali fulani na kukoma hapo. Yakinasa kwenye injini isiyo nayo, kasi inapanda mpaka kitu kipasuke, na flaiwili ikipasuka iko usawa wa mashavu ya miguu ya mwendeshaji.

Nimeliacha mpaka mwisho kwa makusudi jambo linalonitia wasiwasi kuliko yote. Mwendesha bodaboda mafuta yakimnasia ana kimbilio: anabana klachi kwa mkono wa kushoto, injini inapiga kelele lakini gurudumu halisukumwi tena. Pikipiki hizi ndogo hazina klachi ya kubana wala gia ya kuweka huru. Zina klachi inayojishika yenyewe kwa mzunguko, ambayo ikifika takriban mizunguko 2,000 kwa dakika viatu vyake vinafunguka na kuishika ngoma yake, na haiachii mpaka injini ishuke. Maana yake ni kwamba mafuta yakinasa mwendeshaji amebaki na breki tu, mara nyingi breki moja ya nyuma, ikishindana na injini iliyofunguliwa yote. Kwa sababu hiyo hiyo, uchunguzi wowote wa injini ikiwa inanguruma ufanywe gurudumu la nyuma likiwa limeinuliwa juu ya kitu imara.

Swichi ya kuzima ipo, lakini iko kwenye ubavu wa injini, chini ya kiti, ambako mkulima wa nyanya aliifikia bila shida na mtoto aliye mwendo wa kasi hawezi kuifikia bila kuachia usukani. Iletwe kwenye usukani, upande wa kidole gumba. Hapa pia mazoea ya magari yanawapoteza watu, kwa sababu injini hizi hazitegemei betri. Cheche inatoka kwenye sumaku ya flaiwili na koili, na namna ya kuizima ni kuugusisha waya wa koili na bodi ya injini. Kwa hiyo swichi inayotakiwa ni ile inayounganisha inapowekwa kwenye kuzima. Waya mmoja uungwe kwenye ule unaokwenda kwenye swichi ya zamani, mwingine ufungwe kwenye bolti ya injini, na pale kwenye bolti rangi ikwanguliwe mpaka chuma kionekane, kwa sababu swichi nyingi ninazoletewa zikidaiwa kuwa mbovu ni nzima, ila zimefungwa juu ya rangi ya kupuliza. Ubaya wa mpangilio huu ni kwamba waya ukikatika njiani swichi haizimi tena, na injini haitoi dalili yoyote. Dawa yake ni kuizima injini kwa swichi hiyo kila siku, isizimwe kwa koki ya mafuta, ili hitilafu ionekane pikipiki ikiwa imesimama.

Kwa watoto ningependelea zaidi swichi ya kamba, ile ile iliyopo kwenye mashine za boti za wavuvi wetu, ambapo kamba inafungwa kifundoni na mtu akirushwa kipini kinachomoka na injini inazimika. Wavuvi wengi wanaiacha ikining'inia, najua, nimezitengeneza mashine hizo pia.

Mwenye pikipiki amfundishe mtoto wake, kabla ya kumfundisha kwenda mbele, kwamba mafuta yakinasa kitu cha kwanza ni swichi, pamoja na breki. Kufunga koki hakusaidii kwa wakati huo, kwa kuwa bakuli la kabureta bado lina petroli ya kuendelea mbali. Kuvuta kofia ya plagi ni kujitafutia kupigwa na umeme wa koili. Kuvuta choki yote kunaweza kuisonga injini kama mkono unaifikia, na hilo ni la mwisho kabisa.

Mafundi wa kuchomelea wanaoziuza pikipiki hizi wananiambia kwamba wateja hawataki kulipia swichi na springi. Gharama ya vitu hivyo viwili, pamoja na washa bapa na nati, ni ndogo mno ukiilinganisha na bei ya injini, na inaweza kuingizwa kwenye bei ya pikipiki bila mteja kuulizwa, jinsi ambavyo haulizwi kama anataka cheni.

Wako,
Fundi wa injini ndogo,
Kirumba, Mwanza.